Anga Tulivu Juu ya Ikweta

Tarehe 12 Desemba 1970, Nairobi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu hiyo. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Kenya ilitoa kiwanja tu: mzunguko wa dunia ulisaidia kusukuma roketi, Waitalia wakaleta jukwaa, Wamarekani wakaleta chombo. Masimulizi hayo yanaacha sababu nzito. Juu ya ikweta, kimo cha kilomita mia tano hivi, mionzi ni haba mno.

Tangu 1958, kaunta ya Geiger ya mwanafizikia James Van Allen ndani ya setilaiti ya Explorer 1 ilipoanza kufichua mikanda ya protoni na elektroni zilizonaswa na usumaku wa dunia, ilijulikana kwamba anga si tupu. Mkanda wa ndani hushuka chini zaidi upande wa Brazili na Atlantiki ya Kusini. Njia ya Uhuru iliinama digrii tatu tu kutoka ikweta, kwa hiyo ilikwepa sehemu kubwa ya eneo hilo. Tena usumaku wa ikweta huzuia chembe nyingi zitokazo mbali angani. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu vitambuzi vya setilaiti hiyo vilikuwa visanduku vya gesi vyenye madirisha membamba ya berili, na ndani yake protoni iliyopotea njia huweza kuacha alama inayofanana na ya eksirei ya nyota. Katika utulivu ule vilipatikana vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mtu atasema: kuhesabu nyota si kupima mwili wa mwanaanga. Lakini protoni inayovuruga kaunta ndiyo hiyo inayojeruhi chembehai, na ramani ya mionzi inayofaa setilaiti humfaa pia mwanaanga. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimeinama digrii 51.6 ili roketi za Baikonur zikifikie, nacho hupita juu ya Atlantiki ya Kusini kila siku. Wakaaji wake hupokea mionzi ya takriban nusu milisiveti kwa siku, maana yake siku arobaini zinatosha kufikisha milisiveti 20, kikomo cha wastani wa mwaka mzima kwa mpiga eksirei wa hospitali ya Nairobi avaaye beji ya kupima mionzi kifuani.

Ni kweli kwamba ikweta haimkingi anayekwenda Mars; chombo cha Curiosity kilipima njiani takriban milisiveti 1.8 kwa siku. Hata hivyo darubini za eksirei NuSTAR mwaka 2012 na IXPE mwaka 2021 zilipelekwa karibu na ikweta kwa sababu ileile ya utulivu, na zote hutuma data zake Malindi. Cha kusikitisha, setilaiti ya 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Sapienza cha Roma, uliachiwa Mei 2018 kutoka kituo hicho cha kimataifa, ukaingia katika mwinamo uleule unaopita Atlantiki ya Kusini. Chiromo, kampasi ya chuo hicho cha Nairobi kando ya Westlands, ndiko fizikia inakofundishwa. Wanafunzi wa huko wapewe kazi ya kukokotoa mionzi ya njia hizo mbili, ya ikweta na ya kituo cha kimataifa, kabla setilaiti nyingine ya Kenya haijachaguliwa mzingo.