Meru: Mbuga tulivu iliyofufuka baada ya uhasama wa majangili

WENGI wakisikia habari za kutalii mbugani huwaza Maasai Mara, ambako simba mmoja aliyelala huweza kuzingirwa na magari kumi. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru, mgeni anaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kupishana na gari jingine. Utulivu huo haukuja bure, na kisa chake kinahuzunisha.

Mbuga hii yenye ukubwa wa takriban kilomita 870 mraba ilitangazwa rasmi mnamo 1966. Iko mashariki mwa milima ya Nyambene, karibu na ikweta, na upande wa kusini imepakana na Mto Tana. Vijito vinavyoteremka kutoka Nyambene huipitia, na kandokando yake humea mikoma, ilhali kwingineko ni nyika kavu yenye mibuyu.

Zamani, sifa za Meru zilienea duniani kote kwa sababu ya Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson kisha akarudishwa porini. Elsa alikufa 1961 na kaburi lake lingali mbugani.

Kisha wakaja majangili. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, walikuwa wamebakia takriban 16,000 kufikia 1989, na Meru ilikuwa miongoni mwa mbuga zilizoumia zaidi. Mnamo Novemba 1988, vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari wenye silaha waliuawa humo. Mwaka uliofuata watalii wawili Wafaransa waliuawa mbugani, na mwezi wa Agosti George Adamson naye akauawa huko Kora, ng'ambo ya Tana. Nani angethubutu kuja tena? Wageni walitoweka na barabara zikamezwa na vichaka.

Ufufuzi ulichukua miaka mingi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliimarisha doria, likakarabati barabara na kuhamishia huko wanyama kutoka maeneo mengine, wakiwemo ndovu. Leo vifaru weusi na weupe wanaishi katika hifadhi yao maalumu iliyozungushiwa ua, karibu na lango la Murera. Kwa anayetaka kuwaona vifaru bila msukumano wa magari, hapa ndipo pa kuanzia.

Msomaji asidanganyike, hata hivyo, kwamba wanyama watamjia barabarani. Nyasi za Meru hurefuka mno baada ya mvua, na simba aliye hatua chache tu kutoka kwenye gari huweza kupitwa asionekane. Miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba, ndiyo bora, kwani nyasi hupungua na wanyama hukaribia mito. Dereva aende polepole, azime injini mara kwa mara na kusikiliza. Subira hiyo huzaa matunda: twiga wenye madoa yaliyosukwa kama wavu, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Hao hawapatikani Mara.

Kutoka Nairobi, wasafiri wengi hupitia Meru mjini na Maua hadi Murera. Ada za KWS hulipwa kwa njia ya kielektroniki. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, hivyo ni vyema kulipa kabla ya kuondoka nyumbani. Mavazi ya buluu iliyokolea au meusi yaachwe, kwa kuwa huwavutia mbung'o, nao wa Meru huuma hata juu ya nguo. Ni marufuku kushuka garini isipokuwa penye ruhusa, na anayetaka kuliona kaburi la Elsa, lililo kusini, awaulize kwanza askari kuhusu hali ya barabara, hasa mvua ikiwa imenyesha Nyambene.