Landrova ya Ifakara Haipimwi kwa Kilo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilinirudia kichwani hivi karibuni mjini Ifakara, nilipoitwa na familia moja kwenda kutazama gari.

Gari lenyewe ni Landrova kuukuu iliyolala chini ya mwembe. Matairi yamekwisha upepo, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mwenye mali ni bibi mjane. Marehemu mumewe aliinunua miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao.

Walioniita ni wajukuu, nao walikuwa wamegawanyika pande mbili. Mmoja alikuwa amempata mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyetaka kuichukua kwa kilo. Mwenzake alikuwa amesikia kwamba Landrova ya mwaka 1948 ni lulu huko Uingereza, kwa hiyo familia imekalia utajiri. Huku wakibishana, ada ya shule ya kitukuu ilikuwa inadaiwa. Wakaniambia, "Ndugu mwandishi, wewe unajua mambo ya kale. Tuamulie."

Kabla ya kuamua, tukumbuke gari liliingiaje katika nchi hii. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Luteni Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari alilotengenezewa maalumu na kiwanda cha Gaggenau, bodi limeinuliwa juu ili lisikwame kwenye visiki na mawe. Alipita Morogoro, akakata bara zima, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Hizo ni siku 630. Ukigawanya safari hiyo kwa siku zake, utaona kwamba mtu wa miguu angeweza kumfuata bila kuachwa.

Bonde la Kilombero Graetz aliliacha kusini, na bonde hilo lilichelewa kuyazoea magari. Udongo wake ni mweusi na unanata, masika mto unafurika, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani walishika Mahenge hadi Oktoba 1917, na mizigo mingi ya vita ilipita nchi hiyo ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi. Hata baadaye, aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga na gari alilazimika kungoja kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka katika dhoruba. Daraja la mita 384, lililopewa jina la Rais Magufuli, lilifunguliwa Mei 2018.

Katika nchi ya namna hiyo, Landrova ilipofika ilikuwa ukombozi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kilikuwa cha mgawo, hivyo watengenezaji wakaitumia alumini kwa bodi. Uamuzi huo wa shida ndio uliozifanya Landrova nyingi zidumu. Na huo huo ndio unaoziua leo, maana mnunuzi wa vyuma chakavu akiiona bodi ya alumini haoni gari. Anaona sufuria za kusubu.

Basi nilikwenda chini ya ule mwembe nikiwa na fundi wa gereji na futikamba. Sikiliza tulivyofanya, huenda na wewe kwenu kuna gari la babu.

Swali la kwanza: hili ni gari gani hasa? Umri wa gari hauaminiki mdomoni mwa mwenye kuuza. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Landrova za kwanza, za 1948 hadi 1953, zina inchi 80, yaani kama mita 2 na sentimita 3. Zilizofuata, hadi 1956, zina inchi 86. Kisha zikaja za inchi 88. Kuanzia 1958 likaja toleo la pili, ambalo ubavu wake umevimba kidogo juu, wakati zile za mwanzo zina ubavu ulionyooka kama ukuta. Futikamba yetu ilisoma mita 2 na sentimita 18. Ni inchi 86. Yule mjukuu wa lulu akainama. Gari lao si la 1948.

Swali la pili: kimebaki nini cha asili? Tulifungua boneti, tukakuta injini ya dizeli ya Kijapani. Marehemu aliifunga baada ya ile ya petroli kufa na spea kukosekana. Hapa, msikilizaji, ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kwa mkusanyaji wa magari ya kale, injini ngeni inashusha bei. Kwa mtu wa Kilombero mwenye mgonjwa wa kuwahisha hospitali, injini hiyo ndiyo iliyolifanya gari liitwe gari. Thamani na kutembea si kitu kimoja, na mara nyingine kimoja hukila kingine. Mimi simlaumu marehemu.

Swali la tatu: je, linaweza kutembea? Fundi hakuwa na haraka ya kuliwasha. Alilala chini na nyundo ndogo, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama debe lenye mchanga. Alumini haishiki kutu ya chuma, lakini chesisi ni ya chuma cha pua, ina uwazi ndani, na tope la masika huingia humo likakaa miaka. Kipande cha nyuma kabisa kilikuwa kimekwisha, pamoja na sehemu za ukuta unaotenga injini na dereva. Katikati palikuwa pazima.

Kisha akatazama breki. Magari ya wakati ule yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, kanyagio linafika sakafuni na hakuna kinachosimama. Mabomba ya gari hili yalikuwa yameliwa. Fundi akafuta mikono, akasema, "Kuwaka litawaka hata leo. Kuwaka si kutembea, na kutembea si kusimama."

Likabaki swali la nne: nani atathibitisha? Tulisugua chesisi, namba ikaonekana. Lakini kadi ya gari iko wapi? Wajukuu wakatazamana. Ndipo bibi, aliyekuwa akipeta mchele kimya muda wote, akaniambia, "Mwanangu, kadi iko kwenye sanduku langu. Hawa hawajaniuliza." Akaileta imefungwa kwenye kitambaa. Namba zikalingana.

Baadhi ya wasikilizaji watasema, serikali si inalinda mambo ya kale? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitaja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Gari la Benz lilipata hataza mwaka 1886. Kwa hiyo gari kama hili haliingii katika kipimo hicho, na Landrova ya bonde letu inaweza kuyeyushwa mchana kweupe bila sheria kuvunjwa, isipokuwa Waziri atangaze ilindwe. Mlinzi wa kwanza ni mwenyewe.

Na wanunuzi si lazima watoke Ulaya. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Landrova, watu wakaja na mamia ya magari, nia ikiwa kuivunja rekodi ya Ujerumani ya 2018 ya magari 632.

Ushauri wangu ulikuwa huu. Ile dizeli ya Kijapani ina soko Ifakara, mji wa mpunga na mashine za kukoboa. Iuzwe, ilipe ada. Kwa mkusanyaji gari halitapungukiwa, maana injini hiyo haikuwa yake. Chesisi, bodi na kadi viwekwe pamoja chini ya bati hadi apatikane mtu anayejua anachonunua. Sikuwaficha kwamba gari halitanguruma tena siku za karibuni.

Bibi alifikiri kidogo, akasema, "Iuzeni injini. Lakini huyo wa kilo asirudi hapa." Akaifunga kadi kwenye kitambaa chake.

Msikilizaji, kama kwenu kuna chuma cha babu, kabla hujamwita dalali, kamwulize bibi kuna nini sandukuni. Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.