Pipa la Kuvikia

Kusini mwa jiji la Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuna eneo la ekari 23 lililopata jina la Bonde la Mapipa. Mwenye eneo alipokea taka za viwanda bila kibali kuanzia mwaka 1967. Alipofariki mwaka 1977, mapipa yalibaki yakiliwa na kutu. Mwaka 1979 wakaguzi wa serikali walikuta mapipa yapatayo 17,000 juu ya ardhi, mbali na yaliyofukiwa, na kila mvua iliponyesha kemikali zilitiririka hadi kijito cha Wilson. Aibu ya bonde hilo ilichangia kupitishwa, Desemba 1980, kwa sheria iliyoanzisha mfuko wa kusafisha maeneo ya sumu yaliyotelekezwa.

Mahali kama hapo huwezi kubeba pipa na kulitupa kwenye lori. Pipa la lita 200 lililooza linaweza kuachia kitako mara tu linapoinuliwa. Kwa hiyo huingizwa zima zima ndani ya pipa kubwa zaidi, la lita 320 hivi. Nafasi inayobaki hujazwa kitu cha kufyonza majimaji, kisha kifuniko kinabanwa kwa pete. Hilo pipa kubwa ndilo tunalolitafutia jina.

Wanaofanya kazi hii kwa Kiingereza huliita ovapaki, na ni rahisi kulichukua neno lilivyo. Mimi nalikataa. Katika kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari, ovapaki ni kitu kingine: ni kifungashio kinachokusanya vifurushi vizima ili vibebeke kwa urahisi, mfano maboksi yaliyofungwa pamoja kwenye paleti. Chombo cha kuwekea kifurushi kilichoharibika kina jina lake tofauti, lenye maana ya uokoaji. Mpokea mizigo bandarini akiambiwa “ovapaki” ataamini kwamba vilivyomo ni vizima, na kwa imani hiyo anaweza kufungua bila kinga.

“Pipa la kuokolea” lingefuata kanuni, ila kwa sikio la Mswahili kinachookolewa ni chenye thamani. “Pipa la nje” ni fupi, lakini laweza kuwa pipa lililoko uani, au lililotoka ng’ambo. Napendekeza “pipa la kuvikia”. Kitenzi vika kinazaa maneno yote tunayohitaji kazini: kuvika pipa, pipa lililovikwa, uvikaji. Msimamizi akisema, “Hili livikeni, lile liacheni kwanza,” hakuna atakayehitaji kamusi.

Na hilo la kuachwa kwanza lina uzito. Pipa ambalo kifuniko chake kimetuna lina shinikizo ndani. Kulivika ni kulifungia bomu. Hutobolewa kwanza kwa mashine inayoendeshwa kutoka mbali, kwa ncha ya madini yasiyotoa cheche. Lenye asidi kali huvikwa plastiki, kwa sababu chuma kitaliwa. Lebo ya zamani nayo isiaminiwe, maana viwanda hutumia mapipa tena na tena, na palipoandikwa “mafuta” pengine mna kiyeyushi cha rangi. Sampuli huchotwa kwa mrija wa kioo na kupimwa, na pipa lililovikwa huandikwa upya kilichomo, tarehe, na kwamba ndani yake mna chombo kibovu.

Kwetu pia istilahi hii inahitajika, ingawa ina mpaka wake. Huko Vikuge, Kibaha, nchini Tanzania, tani 170 za viuatilifu vilivyotoka Ugiriki mwaka 1986, baadhi vikiwa vimekwisha muda, viliwekwa bandani hadi banda likaporomoka na sumu ikaingia ardhini. Kilichokwisha kuingia udongoni hakivikwi. Udongo huo ukifukuliwa na kutiwa katika mapipa mapya, hayo yaitwe mapipa ya udongo wenye sumu, yasiitwe ya kuvikia, ili atakayeyafungua baadaye asitafute pipa jingine ndani.