Fidia ya Kiungo na Posho ya Serikali: Habari za Muthurwa Tangu Siku za Reli

Wazee wetu waheshimiwa na wanachama wote wanajua ya kuwa Muthurwa ilikuwa mtaa wa Reli. Garimoshi lilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye Reli ikawajengea watumishi wake Waafrika vyumba vya safu, ambavyo watu waliviita landhi. Jina hilo lingali katika barabara ya Landhies ipitayo hapo jirani. Chumba kilifuatana na kazi. Mtu aliyekatwa mguu baina ya mabehewa alipoteza mguu na mshahara, na haukupita muda ila alitakiwa kukitoa chumba pia, yeye na mkewe na watoto.

Katika miaka ya kwanza hapakuwa na sheria ya kumlinda mtu wa namna hiyo hapa Kenya, ingawa Uingereza walikuwa nayo tangu 1897. Alichopewa kilitegemea hisani ya wakubwa wake. Waliobeba mzigo walikuwa watu wa kwao: vyama vya ustawi kama hiki chetu vilichanga senti kwa senti, vikamlipia nauli mgonjwa arudi kwao, na kumsafirisha maiti. Kwa haki yapasa kusema kwamba msaada wa kwanza kabisa wa walemavu wa Nairobi ulitoka katika daftari za michango.

Mwaka 1946 ndipo ilipotungwa Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi. Sheria hiyo ilikuwa na jambo kubwa jema: aliyeumia kazini hakuhitaji tena kuthibitisha kwamba bwana wake alikosea. Kila kiungo kiliwekewa sehemu yake katika mia, daktari akapima, karani akapiga hesabu kwa kufuata mshahara. Ni jambo la kuogofya kidogo kuusoma mwili wa mwanadamu umepangwa hivyo, kidole baada ya kidole, kama orodha ya vipuri ghalani. Walakini afadhali orodha kuliko hisani, kwa maana orodha yaweza kudaiwa.

Ubaya wake ulikuwa katika malipo ya mkupuo. Fedha zilitolewa mara moja, mambo yakaisha. Ulemavu wenyewe haukuisha. Tena sheria ilikuwa na lango jembamba: sharti uwe na mwajiri, na sharti uwe umeumia katika kazi yake. Aliyezaliwa kipofu, mama aliyepooza nyumbani, na mtoto aliyeugua polio, hao wote hawakuwa na neno ndani yake.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, ambayo ilimruhusu mwanachama aliyeshindwa kabisa kufanya kazi kuchukua akiba yake kabla ya uzee. Hayo pia yalikuwa ya mkupuo. Mwaka 2007 Bunge likaiondoa ile sheria ya fidia na kuleta Sheria ya Mafao ya Walioumia Kazini. Ulemavu kamili na wa kudumu ukahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, yaani miaka minane, na kila mwajiri akatakiwa kukata bima. Kwa upande mwingine mfanyakazi alizuiwa kwenda mahakamani moja kwa moja kudai fidia. Madai yaanzie kwa Mkurugenzi. Mawakili walipinga, na shauri lilipanda ngazi hata Mahakama ya Juu ilipoithibitisha sheria hiyo mwezi wa Desemba 2019. Miaka kumi na zaidi watu walikuwa hawajui waende mlango gani.

Na wakati huo huo Muthurwa yenyewe ilikuwa imegeuka. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Mwaka 2006 Reli ya Kenya ilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, na ardhi ya Muthurwa ikatiwa katika mfuko wa pensheni wa watumishi wa Reli, ili mali hiyo iwalipe wastaafu. Basi nyumba za wafanyakazi wa zamani zikawa ndizo pensheni yao! Mwaka 2010 wapangaji walianza kutolewa, wakashtaki, na tarehe 30 Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za makazi na heshima zilivunjwa. Sidhani kama kuna mtaa mwingine mjini ambapo posho ya mzee na paa la jirani yake vimegombana waziwazi namna hiyo.

Mwaka 2008 soko la Muthurwa lilifunguliwa kwa wachuuzi. Mahali pa mafundi wa Reli pakajaa wauza nguo, wauza mboga, wasukuma mikokoteni na mahamali. Hamali hubebea watu thelathini magunia kabla ya adhuhuri. Katika hao thelathini mwajiri wake ni nani? Sheria ya 2007 yataka mkataba wa kazi. Akivunjika mgongo, ile miezi 96 haimhusu.

Kwa ajili ya watu kama hao ulikuja utaratibu wa namna nyingine. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, ilitaja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu, na mwaka 2011 Serikali ilianza kuzilipa posho kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa: shilingi 2,000 kwa mwezi. Hapa haiulizwi uliumia wapi. Huulizwa hali ya kaya, na kama mtu hawezi kujihudumia bila mwangalizi. Wale waliokuwa nje ya sheria ya 1946, yule mama aliyepooza na yule mtoto wa polio, sasa wana jina katika daftari la Serikali, na hilo si dogo. Lakini shilingi 2,000 hazitoshi kodi ya chumba Eastlands. Na hamali aliyevunjika mgongo, akiwa bado aweza kujilisha na kujivika mwenyewe, huonekana mzima mno kwa posho, naye hana mwajiri wa kudaiwa fidia. Huyo huja kwetu.

Wanachama walioajiriwa wakumbuke kwamba ajali ya kazini sharti mwajiri aarifiwe upesi, na kwamba madai yasiyopelekwa katika miezi kumi na miwili huweza kupotea. Atakayehitaji kuandikiwa barua amwone karani, aje na kitambulisho na karatasi za hospitali.