Sweta Lao, Jina la Mwingine: Wafumaji Waliokopiwa na Hawakukaa Kimya

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo. Tunaongea kuhusu watu ambao hutawaona kwenye zulia jekundu na majina yao hayamo vitabuni, ila ukionyeshwa picha ya kazi ya mikono yao utasema, "Aa, hilo sweta mbona nalijua!"

Kabla hatujaenda mbali, nianzie nyumbani. Juzi kati shosti yangu mmoja alinipigia saa nne usiku, analia. Huyu dada ni fundi wa kufuma: kofia, vikoba, viblauzi vya kroshia. Alikuwa amekaa karibu miezi mitatu anabuni kiblauzi kimoja chenye maua ya asumini mgongoni. Anafuma, hakipendi, anafumua, anaanza upya. Siku alipokiposti, laiki zikamiminika. Wiki tatu baadaye akakikuta kwenye ukurasa wa duka jingine lenye wafuasi wengi kuliko yeye. Maua yale yale, mgongo ule ule, na chini wameandika ni ubunifu wao mpya. Akaweka komenti, tena kwa heshima zote. Komenti ikafutwa, na yeye akablokiwa.

"Shosti, wala sio hela iliyoniuma," akaniambia. "Kinachoniuma ni kwamba mimi sipo. Yaani kama sijawahi kushika uzi."

Maneno hayo yalinikaa. Nikamsimulia stori ya wanawake wa kisiwa kimoja kule Kanada, na leo nawasimulia na nyie. Maana hao kina mama waliyapitia haya haya, tena kwa kampuni kubwa, tena dunia nzima ikiwa inaangalia.

Kabla ya sweta kulikuwa na blanketi

Pwani ya magharibi ya Kanada kuna kisiwa kinaitwa Vancouver. (Usichanganye na jiji la Vancouver, lenyewe liko ng'ambo ya maji.) Kisiwani humo wanaishi watu wa Cowichan, ambao ni sehemu ya jamii kubwa ya Coast Salish. Walikuwepo hapo enzi na enzi kabla Mzungu wa kwanza hajatia nanga.

Wanawake wa huko uzi waliujua toka zamani. Walikuwa wanatengeneza mablanketi kwa manyoya ya mbuzi wa milimani, wakichanganya na manyoya ya mbwa. Ndio, mbwa! Walikuwa na aina yao maalum, weupe, wenye manyoya mengi, na walinyolewa kama kondoo. Wewe unafuga mbwa alinde geti, wenzio walifuga mbwa wapate blanketi. Na blanketi halikuwa kitu cha kujifunika tu. Lilikuwa utajiri na heshima, lilitolewa kwenye harusi na kwenye sherehe kubwa za ukoo.

Mwaka 1843, Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1670, ikajenga ngome yake kisiwani hapo, Fort Victoria. Kampuni ilikuwa inanunua ngozi za wanyama, na moja ya bidhaa ilizolipia ni mablanketi ya kiwandani kutoka Uingereza. Blanketi la mkono linachukua miezi, la kiwandani lipo dukani leo leo. Taratibu ufumaji wa zamani ukafifia, na wale mbwa weupe wakapotea kabisa duniani.

Jina la hiyo kampuni liweke kichwani. Tutakutana nalo tena.

Sweta linazaliwa

Kuanzia miaka ya 1860, masista wa Kikatoliki walifungua shule maeneo ya Cowichan na kufundisha wasichana kufuma kwa sindano. Baadaye wakaja walowezi wa Kiskoti na ujuzi wa kufuma masweta yenye michoro. Wanawake wa Cowichan wakauchukua ufundi huo, ila hawakuuacha kama walivyoukuta.

Kusokota walikuwa wanajua zamani, kwa hiyo walisokota sufu ya kondoo kwa mkono, uzi mnene hasa. Mafuta ya asili ya kondoo hawakuyaondoa yote, ndio maana maji ya mvua yanateleza juu ya sweta. Rangi hawakutia: nyeupe, kijivu, kahawia na nyeusi ni rangi za kondoo mwenyewe. Walifuma kwa mzunguko, mwili wa sweta hauna mshono pembeni. Kwenye michoro wakaweka maumbo waliyoyazoea kwenye mablanketi na vikapu vyao, halafu tai, nyangumi na paa. Mama alimrithisha binti, na familia nyingi zilikuwa na michoro yao.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Si na wao waliiga kutoka kwa masista?" Swali zuri. Ila angalia tofauti. Hakuna mama wa Cowichan aliyewahi kusema sindano za kufumia amezibuni yeye. Walijifunza, wakaongeza cha kwao, kikazaliwa kitu ambacho hakikuwepo Uskoti wala popote. Na waliowafundisha hawakufutwa. Kuna mlowezi mmoja wa Kiskoti, Jerimina Colvin, ambaye mpaka leo anatajwa kwa jina kila stori ya sweta hili inaposimuliwa. Mwalimu ana jina. Wanafunzi waliolitengeneza sweta lenyewe, mamia kwa mamia ya wanawake kwa zaidi ya miaka mia, wengi wao tunaambiwa tu "wafumaji".

Hapo ndipo mnaponiona naumia na shosti yangu.

Mikono mingi, hela kidogo

Sweta likapendwa na wavuvi na wakata magogo, watu wanaoshinda kwenye mvua na baridi. Halafu watalii, halafu wageni wakubwa wa serikali wakawa wanapewa kama zawadi. Lilidumu miaka na miaka, baba analivaa, mtoto analirithi.

Ila waliofuma hawakutajirika. Ajira kwa watu wao zilikuwa za shida na ubaguzi ulikuwepo, kwa hiyo sindano ndizo zilizoweka chakula mezani. Mama alifuma usiku watoto wakishalala, na wakiwa macho walisaidia kusafisha na kuchambua sufu. Asubuhi sweta linapelekwa kwa mwenye duka, ambaye ndiye anayepanga bei. Wakati mwingine malipo yenyewe yalikuwa vyakula na nguo badala ya pesa. Mteja akifika anajua jina la duka. Jina la aliyefuma halimo.

Na likishapendwa, linakopiwa. Katikati ya karne iliyopita kampuni zikaanza kuuza vijitabu vya michoro inayofanana na yao pamoja na nyuzi nene za mashine, yeyote akafume nyumbani. Viwanda navyo vikaingia. Mpaka Japani sweta hili likawa fasheni, na matoleo ya mashine yakatoka huko huko. Ya mashine yanatoka haraka, bei iko chini. Mama anayesokota uzi wake mwenyewe atashindana vipi na hiyo?

Mwaka 1996 watu wa Cowichan walipata alama ya kisheria ya kuthibitisha sweta halisi. Maana yake, huwezi kubandika maneno ya kusema hili ni sweta halisi la Cowichan bila ruhusa yao. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na tundu. Alama inalinda jina. Mtindo haiulindi. Mtu akitengeneza sweta linalofanana na asitamke neno Cowichan popote, alama haimgusi.

Mnaona inapoelekea?

Oktoba 2009

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa inakuja Vancouver, Februari 2010. Kampuni iliyopewa kazi ya kuvalisha timu ya Kanada na kuuza nguo rasmi za michezo ilikuwa Hudson's Bay Company. Ndio, ile ile ya mablanketi.

Oktoba 2009 wakazindua nguo zao. Ndani yake kulikuwa na sweta zito la sufu, rangi za asili, michoro kifuani. Kila aliyelijua sweta la Cowichan alilitambua kwa mbali. Ila wafumaji wa Cowichan hawakuwa wamelifuma, na jina lao halikuwepo.

Hebu jiweke kwenye nafasi yao. Umefuma toka ukiwa msichana, bibi yako alifuma, na siku dunia nzima inakuja mlangoni kwako kuona utamaduni wa nchi, kazi inayofanana na yako inauzwa kwa jina la mwingine.

Hawakunyamaza. Viongozi wao na wafumaji walienda kwa waandishi wa habari na kusema wazi: huu mtindo ni wetu, tuulizeni. Wakapanga kuandamana wakati mwenge wa Olimpiki unapita kisiwani kwao. Mwenge ulikuwa unaanza safari Victoria tarehe 30 Oktoba, na kamera za dunia zingekuwepo. Kabla siku haijafika, kampuni ikakaa nao mezani. Wakakubaliana kwamba masweta halisi ya Cowichan yatauzwa kwenye duka kubwa la kampuni mjini Vancouver, na pia kwenye banda la watu wa asili wakati wa michezo. Maandamano yakasitishwa.

Sitawadanganya kwamba walishinda kila kitu. Lile sweta la kampuni halikutolewa sokoni, liliendelea kuuzwa. Walichopata ni rafu yao, jina lao kwenye rafu hiyo, na nchi nzima kujua nani ni nani. Mwaka 2011 serikali ya Kanada ikawatambua rasmi wafumaji wa Coast Salish na sweta la Cowichan kuwa sehemu ya historia ya taifa. Na Hudson's Bay? Baada ya zaidi ya miaka 350, madeni yaliilemea na maduka yake yakafungwa Juni 2025. Sweta la Cowichan bado linafumwa.

Sasa shosti wangu afanye nini?

Nilipomaliza kumsimulia akaniuliza, "Sawa, ila mimi sina kabila zima nyuma yangu. Mimi ni mimi na sindano yangu."

Nikamwambia asijidharau. Kwanza, huo uchungu sio utoto. Kina mama wa Cowichan hawakulia kwa sababu ya sweta moja. Walilia kwa sababu ya kufutwa. Kwa hiyo lia, zima simu siku mbili, usijibu kwa matusi usiku wa manane. Matusi yataonekana, kiblauzi chako kitasahaulika.

Halafu jina lako liwe ndani ya kazi. Lebo ndogo ya kushonea ni bei rahisi. Piga picha ukiwa unaanza, ukiwa umefumua, ukiwa umemaliza, zote zibaki na tarehe. Ujue pia sheria inaishia wapi. Mshono wa kroshia hauna mwenyewe, na hata kina mama wa Cowichan hawakudai umiliki wa kufuma. Ila picha zako, maelezo uliyoandika ya jinsi ya kufuma, na mchoro uliobuni mwenyewe ni vitu vya kwenda kuulizia COSOTA kwa sisi wa Tanzania, au KECOBO kwa majirani zetu Kenya.

Na tafuta wenzio. Kampuni haikumwogopa mama mmoja, ilikaa mezani na jamii nzima. Hata kikoi chetu cha pwani: kuna kampuni Uingereza iliomba mwaka 2006 kulisajili jina hilo kama alama yake, watu wakalipinga ombi, halikufika popote. Wafumaji kumi kwenye grupu moja wanaojuana kazi zao ni mashahidi kumi.

Mwisho, dai kitu kinachopatikana. Shosti yangu alitaka ule ukurasa ufungwe, jambo ambalo haliwezi. Badala yake akaposti picha zake za toka mwanzo, mfululizo, na tarehe zake, bila kumtaja mtu. Wafumaji wenzake wakaandika kwamba waliiona kazi ile ikiwa bado kwenye sindano. Lile duka halijaomba msamaha mpaka leo. Kiblauzi chao bado kipo. Ila yeye yupo tena, na wiki iliyopita nilimkuta na uzi wa njano mapajani, anafumua kitu kipya kwa mara ya nne.

Nikarudi kwa mama siku hiyo, nikakaa kwenye kochi, nikatazama vile vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, vya toka sijazaliwa. Nikamuuliza, "Mama, hili ua nani alilibuni?" Akacheka. Akasema alifundishwa na jirani yake walipokuwa wasichana, na jirani naye sijui alilitoa wapi. Akamtaja jina. Miaka yote nimeegemea kazi ya huyo mama na sikuwahi kuuliza.

Leo ukifika nyumbani, uliza na wewe. Halafu njoo utuandikie jina hapo chini.