Dampo la Alamogordo

Septemba 1983, malori yalitoka El Paso, Texas, yakaingia New Mexico hadi kwenye dampo la mji mdogo wa Alamogordo. Yalibeba bidhaa za Atari, kampuni iliyokuwa imetawala biashara ya gemu za nyumbani nchini Marekani. Kaseti za gemu na vifaa vingine vikamwagwa shimoni, vikapondwa, kisha vikafunikwa kwa zege. Magazeti yaliandika habari hiyo wakati uleule, lakini kadiri miaka ilivyosogea ikageuka ngano ambayo wengine waliikataa kabisa.

Ngano hiyo ilikuwa na mkosaji mmoja: E.T., gemu iliyotokana na filamu ya Steven Spielberg. Atari ilipata haki ya kuitengeneza katikati ya 1982 na ilitaka iwe madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, ambaye tayari alikuwa na sifa kwa gemu yake ya Yars' Revenge, alipewa wiki 5 tu kwa kazi iliyozoeleka kuchukua miezi. Akaimaliza. Ila mchezaji alikuwa akitumbukia shimoni, anapanda, anatumbukia tena, na watoto wakachoka. Mwaka uliofuata soko zima la gemu Marekani likaporomoka, na 1984 Warner ikaiuza idara ya Atari ya bidhaa za nyumbani. Watu wakaunganisha mambo: gemu moja mbovu imeua kampuni, nayo imezikwa jangwani kwa aibu.

Tarehe 26 Aprili 2014, katapila lilifukua dampo hilo huku upepo ukipeperusha vumbi, mbele ya waakiolojia, wapiga picha za filamu na mashabiki. Warshaw mwenyewe alikuwepo. Zilitolewa kaseti kama 1,300. James Heller, meneja wa Atari aliyesimamia maziko yale, alisema waliozika walikuwa wametupa kaseti 728,000. E.T. ilikuwemo, ila haikuwa peke yake. Zilitoka pia Centipede, Defender na Missile Command, gemu zilizopendwa na kuuzwa sana. Kumbe lililozikwa lilikuwa ghala zima la kampuni iliyokuwa ikipata hasara, wala si aibu ya mtu mmoja. Kwa miaka 30 Warshaw alikuwa amebebeshwa mzigo wa wengi.

Baada ya hapo mji uliuza mamia ya kaseti hizo kwenye mnada wa eBay na kupata zaidi ya dola 100,000. Moja ilipelekwa Smithsonian, Washington, ambako imehifadhiwa kama kielelezo cha anguko lile.

Lakini ufukuaji haukuiokoa gemu yenyewe, kwa sababu haikuwa imepotea. E.T. nzima ni kilobaiti 8, ndogo kuliko picha moja ya simu. Mashabiki walikuwa wameshanakili msimbo wake kutoka kwenye kaseti na kuandika programu zinazoifanya kompyuta ijifanye mashine ya Atari. Wengi wao hawakuomba ruhusa. Kwa jicho la sheria ya hakimiliki, huenda hao ni wezi. Kwa jicho la historia, ndio walioacha kitu cha kuchezwa.

Jambo hili linasumbua mpaka leo. Mwaka 2023, Video Game History Foundation ilichapisha utafiti uliogundua kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U, hivyo gemu zilizouzwa humo tu zikakosa mlango mwingine halali. Maktaba zikaomba watafiti waruhusiwe kutumia gemu za zamani wakiwa mbali. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Wakati huohuo bei za wakusanyaji zilikuwa zimepaa: Julai 2021, nakala ya Super Mario 64 iliyokuwa bado kwenye karatasi yake iliuzwa dola milioni 1.56. Thamani yake inategemea isifunguliwe. Ni gemu iliyotunzwa kwa sharti kwamba mtu asiicheze.

Kwetu Afrika Mashariki, kunakili hakukuwa mjadala wa maktaba. Watoto wengi wa Dar es Salaam na Nairobi miaka ya 1990 walimjua Mario na Contra kupitia mashine zilizoiga Famicom ya Nintendo, na kaseti zilizojigamba kuwa na mamia ya gemu, kumbe ni chache zilizorudiwa kwa majina mapya. Hazikutaja jina la aliyezitengeneza. Hakuna mnada utakaozigombania, na huenda hakuna kampuni itakayodai kuwa ni zake. Hata hivyo, ukitaka kujua kizazi kile kilicheza nini, ushahidi ni kaseti hizo, pamoja na lile jina bandia kwenye menyu na ile gemu namba 57 iliyokuwa sawasawa na namba 3. Nakala safi kutoka Japani haitakuonyesha hayo. Kama kuna moja kwenye sanduku chini ya kitanda cha kaka yako, iulizie kabla hawajafanya usafi.