Karatasi Zilikaguliwa, Msafiri Akapita

Basi la usiku linalotoka Kisii kwenda Nairobi hupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok, na likifika jijini halijavuka mpaka wa nchi yoyote. Njiani kuna vizuizi vya polisi. Askari humulika tochi, huitisha leseni ya dereva, huangalia mikanda na pengine mizigo. Msichana wa miaka 14 aliyeketi kando ya "shangazi" aliyejuana naye juzi, aliyemwahidi shule na kazi nyepesi ya nyumbani, hupita vizuizi vyote hivyo bila kuulizwa hata jina.

Hali hii ina historia ndefu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wanaolinda njia na mipaka yetu wamefunzwa kutazama karatasi. Kumtazama mtu mwenyewe ni somo la juzi, na bado halijafika pale linapohitajika zaidi: steji za Kisii na Nyamira.

Kipande na mashamba ya chai

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi zake, iliyowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Askari aliyekutana naye njiani alifunzwa kutafuta jambo moja: je, mtu huyu amemtoroka mwajiri wake? Ukaguzi ulimlinda mwenye shamba dhidi ya kibarua aliyechoka kuteswa. Kibarua mwenyewe hakuwa na wa kumlinda. Kipande kilidumu hadi mwaka 1947, kilipofutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Mtoto hakuwa na kipande, kwa hiyo hakuna aliyemsimamisha. Kampuni kubwa za chai zilipoanzisha mashamba Kericho katika miaka ya 1920, ng'ambo tu ya vilima vya Nyamira, mawakala walitafuta vibarua Kavirondo Kusini, wilaya ambayo Kisii ilikuwa sehemu yake. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo watoto, na sheria ya wakati huo iliruhusu hata mtoto wa miaka 10 kuandikwa kazi. Mmisionari wa Kianglikana Walter Edwin Owen, aliyehudumu Kavirondo kwa miaka mingi, alilipigia kelele jambo hilo hadi likafika kwenye magazeti ya Uingereza. Mwaka 1938 serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Alihitajika mtu wa kanisa kuuliza swali ambalo hakuna askari wa barabarani aliyefunzwa kuliuliza: mtoto huyu anapelekwa wapi, na nani, kufanya nini?

Sheria yaja

Swali hilo lilipata nguvu ya sheria baada ya miongo sita. Novemba 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo dhidi ya ulanguzi wa binadamu, na Kenya ikajiunga nayo mwaka 2005. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Uganda 2009, Kenya 2010. Ya Kenya ilianza kutumika Oktoba 2012. Anayepatikana na hatia ya ulanguzi hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Sheria hii ilibadilisha kazi ya mkaguzi kwa njia mbili. Kwanza, mtu akiwa mtoto, haihitajiki kuthibitishwa kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Akisafirishwa ili anyonywe, huo tayari ni ulanguzi, hata kama alipanda gari akicheka. Pili, mpaka si sharti. Anayetolewa Nyansiongo, Nyamira, akauzwa Nairobi amelanguliwa sawasawa na anayepelekwa nje ya nchi. Na sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji, jambo linalotuhusu sana sisi wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ilifanya kuwa kosa kumtoa msichana Kenya ili akakeketwe nchi nyingine.

Darasa la kumsoma msafiri

Mafunzo yakafuata. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilifungua kituo cha mafunzo mjini Moshi, Tanzania, kwa ajili ya maafisa wa uhamiaji wa Afrika. Maafisa hufunzwa humo kutambua paspoti bandia, na hufunzwa pia kumtambua aliyelanguliwa. Kuanzia mwaka 2016 mpango uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na Ujerumani uliendesha mafunzo kwa polisi, waendesha mashtaka na maafisa wa mipaka katika Pembe ya Afrika, Kenya ikiwemo. Mwaka 2018 shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, lilitoa mwongozo wa kuwafunza wahudumu wa ndege.

Kinachofunzwa si uchawi. Nani ameshika kitambulisho cha msafiri, na nani ameshika simu yake? Akiulizwa, anajibu mwenyewe au anamtazama mwenzake kwanza? Anajua jina la mji anakoenda na jina la mwajiri? Watoto watatu walio na mtu mzima mmoja wanamwitaje, nao wanajuana? Anayeuliza huwatenganisha kwa upole, na humsemesha mtoto kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Nyamira aliyefunzwa uongo wa Kiswahili anaweza kusema kweli akiulizwa kwa Ekegusii. Na akishuku, mkaguzi haanzishi vurugu mbele ya mshukiwa: huandika nambari ya gari, hupata jina la kituo kinachofuata, kisha hupiga simu.

Mafunzo haya yana maana kubwa Isebania, ambako barabara ya Kisii na Migori inaingia Tanzania. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha watoto wenye ulemavu walioletwa Nairobi kutoka Tanzania kuombaomba, huku pesa zikiishia mikononi mwa waliowaleta. Na vijana wetu waliopelekwa Myanmar kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni waliondoka kwa ahadi ya kazi nzuri. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na paspoti halali na tiketi iliyolipiwa. Anayekagua karatasi peke yake atamgongea muhuri na kumtakia safari njema.

Makanga ndiye mlinzi wa kwanza

Kabla msafiri hajafika Isebania au uwanja wa ndege, ameshaonwa na karani wa tiketi, makanga na dereva. Hao ndio wanaojua nauli imelipwa na nani. Lakini darasa lilianzia kwa maafisa wa serikali na wahudumu wa ndege, nao wa steji wakabaki nje.

Historia inaonyesha kwamba steji hufunzika. Mwaka 2004 Sheria za Michuki, kanuni za usalama wa matatu, zilipoanza kutekelezwa, wengi walisema matatu hazitawahi kunyooka. Hata hivyo makanga walivaa sare, mikanda ikafungwa na beji zikaonekana, kwa sababu leseni ilitegemea hayo. Njia ni ile ile. Dereva na makanga huomba beji na kuihuisha. Somo la kumtambua aliyelanguliwa liwe sharti la kuipata. Sako za matatu zifundishe makarani wao. Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi usafiri wa umma na ambazo hutoza magari ada za steji, ziandike nambari 116 ya simu ya watoto, isiyotozwa malipo, kwenye kila kibanda cha tiketi, na zimpe makanga uhakika kwamba akipiga, afisa wa watoto atakuja na yeye hatageuzwa mshukiwa.

Askari wa kipande alilipwa ili kibarua asitoroke. Wanaohudumu barabarani leo wana sheria inayowaruhusu kusimama upande wa msafiri. Kilichobaki ni kuwafunza, na gharama ya kumfunza makanga mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kumtafuta mtoto mmoja aliyekwisha kupotelea Nairobi.